Namba Tasa ya Madamu Asmahani

Madamu Asmahani alikuwa na mazoea ya kuwapa wasichana wake namba moja kila Alhamisi, mwisho wa kipindi, kama mtu anavyogawa ubuyu baada ya kazi. Haikuwa namba ya mtihani. Ilikuwa ya kuchezea tu. Mara awaletee namba ambayo ukijumlisha vigawanyo vyake, ukiiacha yenyewe, unaipata yenyewe, mara namba mbili ambazo kila moja imejificha ndani ya vigawanyo vya mwenzake. Wasichana wa Kidato cha Tatu, hata wale waliochukia hesabu tangu shule ya msingi, walikaa kimya kuzisubiri.

Kwa kuzaliwa alikuwa Mpemba wa upande wa Konde, mtoto wa mkulima wa karafuu aliyevuka na familia yake kuja Tanga na kufungua duka la nafaka Ngamiani. Asmahani alivuka akiwa bado anabebwa mgongoni. Tanga ndiko alikosoma, ndiko alikoolewa na Badru, fundi wa mafriji, na ndiko walikojenga, mtaa wa Nguvumali, nyumba wanayoishi na mama yake Badru, Bi Kijakazi, na binti yao mmoja, Samira. Upemba wake ulikuwa umebaki katika maneno mawili matatu na katika utani wa ofisi ya walimu kuhusu uchawi wa Pemba. "Msimuudhi Asmahani," mwenzake angesema, "atawatumia kitu." Wote wangecheka, na yeye angecheka kuwashinda.

Shule yenyewe ni ya wasichana tupu, iko nje ya mji ukielekea Pongwe, na nyuma yake kuna shamba la mkonge lililoachwa likaota magugu. Samira naye alisoma hapo, Kidato cha Pili.

Alhamisi hiyo joto lilikuwa la kukata pumzi. Mitihani ya muhula ilikuwa inakaribia, na uji wa saa nne haukupikwa kwa sababu maji yalikatika. Asmahani aliwaona wamechoka. Akachukua chaki, akaandika ubao mzima, kutoka ukingo hadi ukingo:

1000000000000066600000000000001

"Isomeni kutoka kushoto," akasema. Wakasoma, wakipotea kwenye masifuri na kuchekana. "Haya, sasa ianzeni kulia." Wakasoma tena. Ikawa ile ile.

"Bado. Namba hii, pamoja na ukubwa wake wote, haigawanyiki. Si kwa mbili, si kwa tatu, si kwa saba, si kwa namba yoyote mtakayoitaja, ila kwa moja na kwa yenyewe. Shule ya msingi mlifundishwa namba za namna hiyo zinaitwaje?"

"Namba tasa!" darasa zima likaitika.

Kwenye mstari wa mbele alikaa Yudith, msichana wa Kibondei, mwepesi wa maswali. "Madamu, nani aliyejaribu kuigawa mpaka akajua?"

"Mashine," Asmahani akasema, akifurahi kuulizwa. "Wala hazihitaji kujaribu namba zote. Namba ikiwa na vigawanyo, kimoja hakiwezi kupita kipeuo chake cha pili. Ukifika hapo hujapata kitu, basi hakuna kitu. Ila kipeuo cha pili cha hii kinazidi bilioni moja mara milioni moja. Ndiyo maana wataalamu wamebuni njia za mkato."

Yudith hakuwa akimsikiliza tena. Alikuwa akitazama katikati ya ubao. "Madamu, pale katikati. Sita, sita, sita." Akashusha sauti. "Ile ni namba ya mnyama. Imo kwenye Biblia, kitabu cha Ufunuo."

"Ni mia sita sitini na sita, Yudith. Namba tu kama namba nyingine." Na kwa sababu aliipenda ile namba, akaongeza maneno ambayo ingekuwa heri asingeyasema: "Tazameni ilivyozungukwa. Sifuri kumi na tatu upande huu, kumi na tatu upande ule. Tarakimu zote ni thelathini na moja. Thelathini na moja nayo ni tasa, na ukiigeuza unapata kumi na tatu, tasa vilevile."

Aligeuka kuwatazama akitegemea vicheko. Hakuna aliyecheka. Wasichana arobaini walikuwa wameukazia macho ubao, na mmoja wa nyuma alikuwa ameziba masikio.

Kengele ikalia. Yudith akasimama ili aondoke, akainama, akashika tumbo chini ya kitovu kwa mikono miwili, na akaanguka kati ya madawati bila kutoa sauti.

Sauti ilitoka kwa wengine. Mmoja alipiga ukelele, wa pili akaanza kutetemeka meno, wa tatu akakimbilia dirishani akitaka kupita kwenye nondo. Kabla Asmahani hajafika alipolala Yudith, tayari wanne walikuwa chini, wamepandisha mashetani, nguvu zao hazishikiki, macho yamegeuka meupe. Mmoja alimshika sketi mwalimu wake akawa anamwambia, kwa sauti nzito isiyo yake, "Futa! Futa! Futa!" Asmahani alitaka kufuta. Lakini dasta ilikuwa upande wa pili wa darasa, na kati yake na dasta kulikuwa na mtoto anayejipigiza kichwa sakafuni. Alikaa chini akakipakata kile kichwa.

Walimu waliwabeba hadi ukumbini. Darasa likafungwa kwa kufuli, namba ikiwa ubaoni. Kufikia adhuhuri ukelele ulikuwa umehamia madarasa mengine, kwa wasichana ambao hata hawakuiona.

*

Shuleni kuanguka mapepo si jambo geni. Miaka iliyopita lilitokea, akaitwa shekhe akasoma, akaitwa mchungaji akaomba, muuguzi akagawa maji ya glukosi, wiki ikaisha. Safari hii kulikuwa na kitu cha kushika. Kulikuwa na namba, kulikuwa na picha ya ubao iliyopigwa dirishani na mtu asiyejulikana, na kulikuwa na neno.

Neno hilo lilipotoka darasani halikuwa tena neno la hesabu. Kwenye makundi ya wazazi ujumbe wa sauti ulipita, mwanamume anahema: "Jamani, yule mwalimu Mpemba amewaandikia watoto wetu namba ya utasa. Amewasomesha mbele na nyuma, waliitikia wenyewe, tasa, tasa. Kila aliyeisoma kizazi kimefungwa. Picha ukiipata futa, usiihesabu." Ukiacha lile la kizazi, mambo yote yaliyosemwa mle yalikuwa yametokea kweli. Aliwaandikia. Aliwasomesha mbele na nyuma. Waliitikia. Asmahani aliusikiliza ujumbe huo amesimama jikoni kwake, na kitu kilichomwogofya ni kwamba katika hayo mengine hakupata mahali pa kusema, hapa ameongopa.

"Kesho usiende," Badru alimwambia.

"Nisipokwenda watasema nimekimbia."

Akaenda. Saa mbili asubuhi geti lilikuwa halionekani kwa watu, akazunguka akaingilia nyuma, upande wa mkonge. Mkuu wa shule, Bi Hafsa, mwanamke mwenye mwili mkubwa ambaye Asmahani hakuwahi kumwona akiharakisha, alimjia mbio, akamshika mkono akamwingiza stoo ya vifaa vya michezo.

"Kaa humu. Usitoke, usikohoe. Nimewaambia hukuja."

Mlango ukafungwa kwa nje. Mzee Uweso, mlinzi wa mchana, akaburuta kigoda chake akakiweka mlangoni, na Asmahani akamsikia anakaa.

Stoo haikuwa na dirisha, ila tundu juu karibu na bati. Kulikuwa na harufu ya mipira na nyavu zilizokaa na unyevu. Nje sauti zilikuja kwa mawimbi. Alimtambua mama mmoja kwa ukali wa kilio chake: "Mimi nimepata huyu mmoja tu! Huyu mmoja! Mmeniulia wajukuu zangu!" Akasikia mwanamume anauliza, karibu kabisa, "Mzee, humo mna nini?"

"Mipira," akasema Mzee Uweso.

"Fungua tuone."

"Ufunguo anao Bi Hafsa. Kamuulize."

Viatu vilibaki palepale. Asmahani aliona kivuli chake chini ya mlango. Alibana pumzi mpaka kifua kikamuuma. Alikuwa amewahi kusoma habari za vikongwe waliochomwa moto sehemu za bara kwa tuhuma za uchawi, akazisoma kama mtu anavyosoma habari za nchi ya mbali. Sasa alijikuta anawaza mafuta ya taa yananukaje kabla hayajawashwa. Viatu vikaondoka.

Ili asilie, alianza kuigawa ile namba kichwani. Ndivyo alivyozoea kujituliza tangu utoto. Tatu: jumla ya tarakimu ni ishirini, haigawanyiki. Saba: inabaki nne. Kumi na moja: inabaki nane. Kumi na tatu: inabaki tatu. Kumi na saba ilimchukua muda, akaikosea akaanza upya, na ilipokamilika ilibaki kumi na sita. Pungufu ya moja tu. Kidogo tu ingegawanyika, ikakataa.

Hapo, katika giza lile, alihisi ubaridi mgongoni. Maisha yake yote alikuwa akisema namba hazina nia. Sasa alihisi kama kwamba upande wa pili wa ile hesabu kuna kitu kinachomsikiliza, kinachomwacha akaribie halafu kinajivuta. Akaacha kumi na tisa bila kuijaribu. Akasoma Ayatul Kursi, akairudia, akairudia tena, mpaka alipotolewa mle mchana, umati ukiwa umetawanywa na mtendaji wa kata kwa ahadi ya kikao Jumatatu.

*

Jumamosi hakuna jirani aliyegonga. Mwanamke wa nyumba ya pili, ambaye kila siku hupitisha bakuli la maharage ya nazi juu ya ukuta, alifunga dirisha alipomwona Asmahani anaanika nguo. Badru alikwenda kazini akarudi kabla ya adhuhuri. Mteja amemwambia friji limepona lenyewe.

Alasiri Bi Kijakazi alimwita mkwewe barazani kwa ndani, penye kivuli. Alikuwa mwanamke wa Tongoni, mkavu wa maneno, na katika miaka yote hiyo hawakuwa wamegombana hata mara moja.

"Mwanangu, nataka nikuulize, wala si kwa ubaya. Kwa nini nyie waalimu mwaiita tasa?"

"Ndivyo vitabu vinavyosema, mama. Kwa kuwa haitoi vigawanyo. Haizai namba nyingine."

"Haizai." Bi Kijakazi alitikisa kichwa polepole. "Badru nilimzaa nimeshaachwa na mume wa kwanza. Niliachwa kwa neno hilo. Mawifi zangu walikuwa hawaniiti jina. Nikipita kisimani husema, huyo tasa apita, teremsheni ndoo zenu. Nikaolewa na baba yake Badru, nikamzaa huyu mmoja, basi. Na kila ukikaa hapa mezani unasahihisha madaftari, wasema tasa, tasa, huyu kakosa tasa, mimi jikoni moyo wanipasuka. Nilijua ni hesabu. Moyo haujui."

Asmahani alikuwa amelitumia neno lile kila siku, mbele ya mwanamke huyu, kwa miaka kumi na sita ya ndoa. Alimshika mkono. Mkono ulikuwa wa baridi.

"Sikwambii kwamba wewe mchawi," Bi Kijakazi akasema. "Nakwambia wale akina mama wa getini, usidhani ni wajinga. Wanaogopa kitu nikijuacho."

Samira alikuwa amesimama mlangoni muda wote huo. Tangu Alhamisi hakula ila chai. Shuleni hakuanguka, alikuwa amekaa peke yake, kwa sababu rafiki zake walimhama dawati, na mmoja alimwambia kwamba mtoto wa nyoka haumwi na nyoka. Sasa akaja akaketi miguuni pa mama yake.

"Mama," akasema, "na mimi niliisoma. Kwenye simu ya Najat, wa darasani kwetu. Niliisoma yote, mbele na nyuma, nikitaka kuona kama kweli. Je, mimi nitazaa?"

Jibu lilikuwa jepesi. Ilikuwa namba, na namba haigusi tumbo la mtu. Asmahani alifungua kinywa alitoe, na halikutoka. Alikumbuka stoo, na ile kumi na sita. Ikapita kitambo, kifupi sana, lakini mtoto alikiona. Uso wa Samira ukabadilika, ukawa wa kijivu.

"Utazaa," Asmahani akasema haraka. "Utazaa, mwanangu. Ile ni hesabu tu."

Lakini alikuwa amechelewa, na alijua kwamba amechelewa. Katika mambo yote ya wiki ile, kitambo kile ndicho kinachomwamsha usiku.

*

Jumatatu ukumbi ulijaa, wengine wakasimama madirishani. Mezani mbele walikaa mtendaji wa kata, Bi Hafsa, shekhe wa msikiti wa jirani na mchungaji mmoja. Asmahani aliwekwa kiti pembeni, Badru amesimama nyuma yake. Bi Hafsa alieleza namba tasa ni nini. Aliongea vizuri, na kila alipotamka neno lile, ukumbi ulinung'unika.

Akasimama Luka, baba yake Yudith, dereva wa lori la kokoto, mtu wa sauti ya chini. Yudith alikuwa pembeni yake, amejifunga khanga kiunoni juu ya sare.

"Mimi sina ugomvi na mwalimu," akasema Luka. "Mwanangu tangu Alhamisi tumbo linamuuma. Nimempeleka hospitali, wamesema hawaoni kitu. Nimeuliza kwa watu wanaojua mambo haya. Wameniambia, yeye mwenyewe aliyeiandika aisome kinyume, kutoka mwisho hadi mwanzo, kisha aifute kwa mkono wake. Ifunguke. Ninaomba hilo tu."

"Dini haina jambo hilo," akasema shekhe. Mchungaji naye akatikisa kichwa. Lakini ukumbi ulishalipuka: "Aisome! Aifungue! Aisome kinyume!" Mtendaji, ambaye alitaka jambo liishe kabla ya chakula cha mchana, akamtupia Asmahani jicho, kama anayesema, mama, fanya tuondoke hapa.

Asmahani aliona kwamba watu wote mle walidhani namba ile ikigeuzwa ni kitu kingine. Hakuna aliyefikiri. Angewaambia, jamani, ikisomwa kinyume ni ile ile, wangemwelewa vipi? Wangesikia kwamba uchawi wake hauna mlango wa kutokea. Na asipowaambia, akaisoma, mmoja tu akigundua, watasema amewafunga mara ya pili, mbele ya macho yao.

"Mama Samira," Badru alinong'ona, "usikubali. Ukisoma, umekiri."

Hilo nalo lilikuwa kweli. Aliitazama milango. Yote ilikuwa na watu.

"Nitasoma," akasema.

Kufuli la darasa likafunguliwa. Hakuna mtu aliyekuwa ameingia mle tangu siku ile. Madawati yamepinduka, kiatu kimoja kipo sakafuni, na namba ipo ubaoni, nyeupe, pana, kama imeandikwa sasa hivi. Wazazi walijazana mlangoni na kwenye nondo za madirisha, lakini hakuna aliyevuka kizingiti ila Luka na binti yake. Luka alitoa simu, akafungua ile picha, akaweka kidole kwenye tarakimu ya mwisho ili amfuatilie asiruke hata moja.

Asmahani alisimama upande wa kulia wa ubao. Alimtazama Yudith. Yudith alikuwa akimtazama yeye. Huyu alijua. Huyu ndiye aliyesoma mbele na nyuma kwa sauti kuliko wote siku ile, na akacheka ilipotoka sawa.

"Moja," Asmahani akaanza. Sauti haikuwa yake. "Sifuri. Sifuri. Sifuri."

Alikwenda polepole, kidole kikigusa kila tarakimu, kwa sababu aliogopa kuruka moja. Akiruka wangesema ameificha. Alipofika kwenye sita ya kwanza watu wa mlangoni walirudi nyuma kwa pamoja, mtu akakanyagwa, akalia. "Sita. Sita. Sita." Kisha sifuri nyingine, moja baada ya moja. Kila sifuri aliyoitamka aliona inamsogeza kwenye mwisho, na hakujua mwishoni kuna nini.

"Moja," akasema.

Luka hakuinua uso. Kidole chake kilikuwa kimefika kwenye moja ya kwanza, akakirudisha mwisho, akakirudisha tena mwanzo. Uso wake ukaanza kukunjamana, kama mtu aliyesikia jina lake linaitwa na hajui limetoka upande gani.

"Mbona..." akasema Luka. "Mbona hii..."

Asmahani alifumba macho.

"Baba." Ilikuwa sauti ya Yudith. Alikuwa ameushika mkono wa baba yake, ule wenye simu, na ameushusha. "Imeachia. Baba, tumbo limeachia. Twende nyumbani."

Luka akamtazama binti yake. Mlangoni mwanamke mmoja akapiga kigelegele, kigelegele chenye kilio ndani yake, wakamjibu wengine. Asmahani akachukua dasta, akafuta. Alifuta mpaka ubao ukawa hauna hata kivuli cha chaki, na bado akaendelea kufuta, hadi Badru alipokuja akaushika mkono wake.

*

Wasichana waliacha kuanguka. Muuguzi alisema ilikuwa njaa, mitihani na hofu ya kuambukizana; wengine walisema mengine; hakuna aliyepoteza muda kubishana. Asmahani alihamishwa kwa usalama wake, akapelekwa shule ya kutwa huko njia ya Tongoni, ambako anafundisha mpaka leo. Samira alihama naye. Alirudia kula, akarudia kucheka, lakini ukimtajia hesabu hutoka chumbani.

Yudith walikutana naye mara moja, sokoni, mwaka uliofuata. Alimwamkia shikamoo, akaangalia huku na huku.

"Madamu, mimi nilikuwa nimeshaisoma kinyume mwenyewe, nyumbani, Ijumaa. Tumbo halikuacha."

"Basi kwa nini ulisema vile?"

Yudith alichezea mfuko wake wa nyanya. "Niliwaona wale wanaume waliokuwa dirishani. Wewe uliwapa mgongo. Mimi niliwaona walichoshika." Asmahani alikumbuka mafuta ya taa aliyoyawaza mle stoo.

Badru alikuwa amesema kweli. Kwa kusoma, alikuwa amekiri. Mjini hakuna tena anayesema kwamba mwalimu alisingiziwa. Wanasema alifunga, na alipobanwa, alifungua. Wengi wameona kwa macho yao. Majirani wamerudi kumsalimu, kwa adabu kuliko zamani, adabu ya mtu anayepita karibu na mbwa asiyemjua. Neno tasa amelifuta kinywani mwake. Darasani anasema namba zisizogawanyika, na wanafunzi wapya wanadhani ndivyo zinavyoitwa.

Mwezi uliopita, alasiri, alikuja mwanamke wa makamo akiwa na binti aliyeolewa, wamefunga safari kutoka Pongwe. Walimletea kuku wa kienyeji aliyefungwa miguu. Binti alikuwa ameinamisha uso, anachezea ncha ya mtandio. Yule mama alitoa shikamoo kwa Bi Kijakazi, akamgeukia Asmahani, akamweleza kwa kunong'ona: miaka minne ya ndoa, hakuna kitu, mume ameanza kutafuta mke mwingine.

"Tumekuja utusomee," akasema.

"Mama yangu, umekosea nyumba," akasema Asmahani. "Mimi ni mwalimu wa hesabu."

"Ndiyo, mwalimu. Ndiyo hiyo hesabu tunayoitaka."

Asmahani aliwaelekeza kliniki ya akina mama, akawatajia siku za kwenda, akasisitiza mume naye aende kupimwa. Yule mama aliitikia kila neno, ndiyo, ndiyo, kama anayesubiri haya ya utangulizi yaishe. Kuku alipiga mbawa sakafuni. Binti akainua uso kwa mara ya kwanza, na katika macho yake Asmahani aliona matumaini makubwa sana, makubwa hata akaogopa kuliko alivyoogopa mle stoo.

Bi Kijakazi aliinuka kitini taratibu. Akaenda akaketi mkekani pembeni ya yule binti, akamshika mkono. Asmahani akaenda kufunga mlango wa mbele, kwani mtaani watu wawili walikuwa wamesimama, wanatazama ndani.